Mwenyewe Yupo Kazini

Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijapoa, kompyuta ilimtoa Karani nje.

Hakuwa amekosea kitu. Alikuwa ameketi sebuleni kwake, kwenye meza ambayo mumewe aliitengeneza kwa mbao za mlango uliovunjwa, laptopu mbele yake, modemu ikining'inia kwenye msumari wa dirishani kwa sababu mtandao wa nyumba ile ulikubali kufika dirishani tu. Alikuwa anajaza hati ya kutolea mzigo wa lori la kwanza. Mara skrini ikawa nyeusi, na katikati yake kikatokea kisanduku chenye maneno: muunganisho wako umekatwa, mtu mwingine ameingia kwenye kompyuta hii.

"Mtu mwingine nani?" Karani akakiuliza kisanduku.

Kompyuta yenyewe haikuwa pale. Ilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye ofisi ya ghala la kampuni ya mizigo, juu ya meza aliyoikalia miaka yote. Tangu figo za mumewe zigome, alikubaliwa afanyie kazi nyumbani. Laptopu ilikuwa dirisha tu la kuchungulia; kazi yote ilifanyika kule, ndani ya kompyuta iliyoachwa inawaka usiku na mchana. Siku aliyoondoka alibandika karatasi juu yake, kwa herufi kubwa: USIZIME. MWENYEWE YUPO KAZINI. Wafagizi waliiheshimu karatasi ile kuliko walivyomheshimu meneja.

Akaingia tena. Hati ilikuwa palepale alipoiacha, lakini kwenye nafasi ya uzito wa mzigo palikuwa na jina la dereva. Yeye hakuliandika. Alipotaka kulifuta, skrini ikawa nyeusi.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema mama mkwe, aliyekuwa mkekani akikunja nguo za mgonjwa. "Nilisema mimi. Kazi iko kule, mtu yuko huku. Wapi na wapi?"

"Mama, ndizo kazi za siku hizi."

"Za siku hizi ndizo hizo zinazokufukuza kama kuku jikoni?"

Kwenye kitanda kilichoegemezwa ukutani, mumewe alicheka kwa pua. Watu wote walimwita Seremala. Kitanda kilihamishiwa sebuleni kwa sababu kule chumbani hapakuwa na nafasi ya kumgeuza. Mwili wake mkubwa ulikuwa umebaki mifupa na miguu iliyovimba. Kila Jumanne na Ijumaa walimpeleka hospitali akasafishwe damu kwa mashine. Aliyelipa ni bima, na bima ilikuwa ya kazi ya Karani. Bila kadi ile hata wangeuza nyumba na paa lake wasingefika mbali. Kadi ilikaa chini ya mto wa mgonjwa, naye usiku aliipapasa kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Karani akaingia mara ya tatu. Akatolewa mara ya tatu. Ikawa kukuru kakara, nipishe nikupishe, na malori kule getini yanasubiri hati. Akachukua simu akampigia Waya.

Waya ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa kampuni. Jina lake halisi alilijua mhasibu tu. Asubuhi ile hakuwa ofisini; alikuwa tawi jingine, amepiga magoti mbele ya printa iliyomeza karatasi, mikono yote wino, simu ameibana kwa bega.

"Dada, modemu umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha."

"Umeichomoa kabisa?"

"Nimeichomoa, nimesubiri kama ulivyonifundisha, nimeichomeka. Waya, mtandao upo. Naingia vizuri. Nikishaingia tu, natolewa."

"Unatolewa au inakatika?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Kukatika ni mtandao. Kutolewa ni mtu. Hebu nisomee hayo maneno, taratibu."

Karani akasoma. Upande wa pili ikasikika printa ikikohoa.

"Dada," alisema Waya, "kuna mtu anaingia kwa jina lako na paswedi yako. Wewe ukiingia unamfungia yeye, yeye akiingia anakufungia wewe. Paswedi ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu. Bosi tu, siku ile naondoka, alisema aiweke kwa dharura."

"Basi huyo ni mwizi."

Mwezi uliopita kampuni ilituma tangazo kwa wafanyakazi wote: kuna wezi wa mitandaoni, na atakayemwona mwizi akanyamaza, atahesabiwa kuwa mwenzake. Karani alilisoma mara mbili. Mtu anayefanyia kazi nyumbani husoma matangazo yote mara mbili, kwa kuwa hana mwenzake wa kumwuliza kama yamemlenga yeye.

"Mama, kuna mwizi," akasema, mkono umefunika simu.

Mama mkwe akasimama na kwenda kuangalia mlango wa nyuma.

"Mwizi gani anajaza hati?" Seremala aliuliza kitandani. "Mwizi anaiba. Haandiki jina la dereva."

Mgonjwa akikaa sana kitandani, maneno yake watu huyachukulia kama redio ya jirani.

"Sikiliza, dada," Waya alikuwa anasema. "Tutabadilisha paswedi. Lakini uwe mwepesi. Ukiingia tu, bonyeza vile vitufe vitatu nilivyokuonyesha, chagua kubadilisha, andika ya zamani, andika mpya mara mbili, maliza. Asikuwahi."

"Mpya niandike nini?"

"Chochote! Asichoweza kukibahatisha mtu."

Karani akaingia. Jicho lake likatua kwenye kabati kubwa la mvule, lile Seremala alilomtengenezea mwaka waliooana, akaandika kabati la mvule na mwaka huo, bila nafasi katikati. Akarudia. Akabonyeza. Kisanduku kikamwambia neno la siri limebadilishwa.

Wakangoja wote, hata Seremala aliyekuwa amejiinua kwa kiwiko. Skrini haikuwa nyeusi. Ikaendelea kung'aa.

"Ameshindwa!" Karani akasema.

"Ashindwe na alegee!" mama mkwe akapiga makofi.

Karani akafuta jina la dereva, akaweka uzito, akatoa hati ya lori la kwanza na la pili. Kisha akamwandikia meneja ujumbe, kwa sababu tangazo lilisema taarifa itolewe papo hapo: Bosi, kuna mwizi alikuwa anaingia kwenye kompyuta yangu tangu asubuhi. Nimesaidiana na Waya, tumebadilisha paswedi, ameshindwa. Malori mawili nimeshayatoa. Aliusoma kabla ya kuutuma, akaona umekaa vizuri, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akanywa chai yake mpaka mwisho.

*

Mwizi alikuwa amevaa viatu vya kuazima.

Vilikuwa vya dada yake, vizuri, vyeusi, vidogo kwa namba moja. Alikuwa amevivaa tangu alfajiri, na sasa vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi chini ya meza ya Karani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mama wa watoto, aliyekaa bila kazi muda mrefu mpaka majirani wakaacha kumwuliza. Ofisini walimwita karani mpya.

Mbele yake kulikuwa na kompyuta iliyojifunga. Meneja alimpa kikaratasi chenye neno la siri, na neno lile asubuhi lilifanya kazi, ila kila akiandika mistari miwili kompyuta ilijifunga tena usoni pake kama mlango unaopigwa na upepo. Akiandika neno, inafunguka. Akianza kazi, inajifunga. Na ikifunguka anakuta alichoandika kimefutwa. Sasa hata neno lenyewe lilikuwa limekataliwa. Ukingoni mwa skrini palibaki alama ya gundi, mahali ambapo karatasi ilibanduliwa.

"Dada, sisi tuna safari," dereva mmoja alisema kwenye kidirisha.

"Naomba mvumilie kidogo."

"Mwacheni," mwingine akadakia, "bado anatambulishana na kompyuta. Wakishaulizana habari za nyumbani tutapewa hati."

Wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, ni kicheko cha watu waliochoka kusimama, lakini karani mpya alihisi machozi yakija. Siku ya kwanza, nusu ya asubuhi haijafika, ameshaua kompyuta ya watu. Akajaribu tena, herufi kwa herufi, akiisoma kwa midomo. Si sahihi. Akavua viatu chini ya meza, akavivaa tena, akanyanyuka kwenda kwa meneja na kikaratasi chake mkononi.

Meneja alikuwa anausoma ujumbe wa Karani.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa maneno magumu, na watu wa namna hiyo huumiza kuliko wabaya, maana mbaya walau unamwona akija. Wakubwa wake waliamua kwamba kila meza iwe na mtu amekaa. Walimpa kazi ya kumwambia Karani tangu wiki iliyopita. Alimpigia mara nyingi sana moyoni mwake. Alhamisi aliona mapema, Ijumaa akakumbuka ndiyo siku ya mashine, Jumamosi akamtumia Waya ujumbe kwamba yule wa nyumbani afungiwe njia, na Waya hakuuona kwa kuwa bando lilikuwa limemwishia. Karani mpya naye angeanza tu, halafu barua ingefuata, na barua haina macho ya kutazamana nayo.

"Bosi, nisamehe," alisema karani mpya mlangoni. "Nadhani nimeiharibu."

"Hujaharibu. Ngoja hapo." Akapiga simu, akageukia dirishani ampe mgongo.

"Mama, hujambo? Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anajitahidi, bosi," ikajibu sauti ya Karani, changamfu. "Kesho tunakwenda kwenye mashine."

"Eh. Mungu ni mkubwa." Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa, mtu mzima yeyote angeweza kupita. Meneja akakohoa. "Nimeuona ujumbe wako. Umefanya vizuri. Vizuri sana. Sasa hiyo paswedi mpya hebu nitajie, niifungie kwenye kabati la chuma. Ni utaratibu tu."

Akamtajia. Alimtajia herufi kwa herufi, akaurudia mwaka ili asikosee, akacheka kidogo akasema ni kabati la mvule, bosi, kazi ya mzee mwenyewe hii.

"Asante, mama. Msalimie."

Meneja akaandika kwenye kikaratasi kingine, akamnyooshea karani mpya bila kumtazama.

*

"Bosi kanisifu," Karani alisema, akiweka simu mezani. "Na amekusalimia."

"Amenisalimia," Seremala alisema, akabaki anatazama dari.

Ilikuwa saa ya maji. Mtu mwenye figo mbovu hanywi anavyotaka. Seremala alipewa nusu kikombe, na alijifunza kuyashikilia mdomoni kabla ya kuyameza ili yaonekane mengi. Karani alikuwa amemwinua kwa mkono mmoja, mwingine unamfuta kidevu, skrini ilipokuwa nyeusi. Akaiona kwa pembe ya jicho. Akamlaza mumewe polepole, akaja mezani, akasoma kisanduku ambacho sasa alikijua kwa moyo.

"Amerudi!" mama mkwe akasema.

"Haiwezekani," Karani alisema. "Hii paswedi nimeitunga mimi sasa hivi. Hata Waya hanayo. Naijua mimi na..."

Akaitazama simu mezani.

"Na nani?" Seremala aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekwisha kufika na anamngoja mwenzake.

"Na bosi."

"Basi huyo si mwizi, mke wangu."

Mama mkwe alishusha shati alilokuwa analikunja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kwa sauti ndogo.

Karani alikaa. Aibu ndiyo iliyomfika kwanza, kabla ya hofu. Alikumbuka alivyotaja herufi moja moja. Alikumbuka alivyocheka. Alikuwa amemkabidhi mtu ufunguo, akashukuriwa kwa kuutoa, akamwambia na mti uliotengenezewa mlango. Halafu hofu ikaja, na yenyewe ilikuwa na sura moja tu, ile kadi chini ya mto.

Akampigia meneja. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, akaambiwa imezimwa. Hapo ndipo Waya alipompigia yeye.

"Dada," alisema, printa ikisikika nyuma yake.

"Sema tu, Waya."

"Nimepigiwa. Nimetukanwa mpaka masikio yanauma. Kumbe nilitumiwa ujumbe Jumamosi. Wameweka mtu kwenye meza yako. Nimeambiwa nikufungie. Dada, naapa sikujua. Ningejua nisingekuhangaisha na modemu."

"Na bima?"

"Hayo siyajui, dada. Ninavyojua mimi, bima ya mtu aliyetoka inaisha na mwezi."

Mwezi ulikuwa unaisha keshokutwa. Kesho Seremala alikuwa na mashine. Ijumaa hakuwa nayo. Hesabu ilikuwa fupi hivyo, na watu wote watatu mle sebuleni waliifanya bila kutazamana.

"Sasa unafunga?" Karani aliuliza.

"Niko na hii printa. Sijaimaliza. Nikishaimaliza ndipo nitafunga." Waya aliitazama printa, iliyokuwa imeshapona zamani, ikitoa karatasi safi moja baada ya nyingine. "Ina kazi nyingi kidogo. Kama una vitu vyako mle, vichukue."

"Vitu gani, Waya? Mle ndani ni malori tu."

*

Aliingia tena. Sasa hakuingia kwa haraka. Aliingia kama mtu anayerudi nyumba aliyohama kuangalia kama kuna kilichosahaulika. Hati zake zote zilikuwa pale, za miaka yote, zimepangwa alivyozipanga.

Mama mkwe alikuja kusimama nyuma ya kiti. Hakujua kusoma kompyuta, ila alijua kilichopo mle ni jasho la mkaza mwanawe. "Vinafutika hivyo?"

"Vinafutika."

"Futa! Futa vyote, waanze upya! Asiyekuwepo na lake halipo, si ndivyo wanavyosema? Basi wewe hupo, na lako lisiwepo!"

Kidole cha Karani kilikuwa juu ya kitufe. Nisiseme uongo, kilikaa pale. Alizitazama hati akaona akizifuta kilio kitaangukia getini, kwa madereva, kwa yule aliyewekwa mezani, na meneja atatafuta mtu wa kumlaumu kama kawaida yake. Akaondoa kidole. Akafungua ukurasa mtupu, akaandika katikati yake: Wewe ni nani? Hii ni kompyuta yangu.

Akatoka mwenyewe bila kutolewa. Wakangoja.

Kule ofisini karani mpya aliifungua kompyuta iliyokuwa imejifunga kwa mara nyingine, akaukuta ukurasa. Mkono ukamwenda mdomoni. Alitazama mlango wa meneja. Umefungwa. Akaandika haraka, bila kurudia alichoandika, akainuka kujifanya anatafuta karatasi, ili aliye upande wa pili apate nafasi.

Karani akaingia akasoma. Jibu lilikuwa hivi:

Mimi ni karani mpya dada nimeanza leo. Sikujua kama bado unaingia nilidhani nimeharibu kompyuta. Sikuja kukunyang'anya. Meneja aliniambia mumeo amefariki na wewe umeacha kazi. Pole sana kwa msiba dada.

Alisoma mara mbili, kama alivyozoea kusoma kila kinachotoka ofisini. Nyuma yake Seremala alikuwa anavuta pumzi zake fupi, yu hai, na maji aliyokuwa amepewa yalikuwa bado yanang'aa kwenye ndevu.

"Amejibu?"

"Amejibu."

"Anasemaje?"

"Anasema ni mgeni. Ameanza leo."

"Na nini tena?"

"Basi. Anaomba radhi."

"Mke wangu," Seremala alisema, "mimi ni seremala. Napima kwa jicho. Macho yako yametembea mistari mingi hapo."

Katika ndoa yao yote hawakuwahi kufichana habari mbaya. Walifichana habari nzuri tu, ili kushtukizana. Karani hakujua pa kuanzia. Akageuza kiti akamtazama, akamsomea mpaka mwisho, na kwenye msiba akamalizia kwa kunong'ona.

Mama mkwe alijifunika kanga usoni. "Wamemzika," alisema ndani ya kanga. "Mwanangu wamemzika mchana kweupe, mimi niko hapa nakunja nguo zake!" Akalia. Alilia kilio cha matanga kabisa, cha kujitupa, na Karani hakuwa na neno la kumnyamazisha kwa sababu kilio kile kilikuwa chake pia. Hata Ijumaa haikuwa imefika.

Seremala mabega yakaanza kumtikisika. Walidhani naye analia.

"Watu walikuwa wengi?" aliuliza.

"Wengi wapi?"

"Mazikoni. Waliniletea watu wengi, au walikwenda wa ofisini peke yao?"

"Baba, acha," Karani alisema, akacheka bila kutaka, machozi yanamshuka puani.

"Jeneza nadhani walinunua. Wangeniuliza mimi." Akakohoa muda mrefu, akapumzika. Aliponyanyua uso, mzaha ulikuwa umekwisha. "Huyo mwanamke hana kosa. Kaambiwa, kaamini. Mwambie nimemsalimia."

Karani akarudi kwenye kompyuta. Chini ya maneno ya yule mwingine aliandika: Mume wangu hajafa. Yuko hapa ananisikiliza. Anakusalimu.

Alitaka kuishia hapo. Lakini pembeni ya ukurasa aliiona hati ya lori la tatu, iko wazi, na kwenye nafasi ya uzito limekaa jina la dereva. Mkono uliozoea kazi hauwezi kupita kosa ukaliacha. Akaongeza: Kwenye uzito usiandike jina. Jina ni kisanduku cha chini. Wakikukamata getini na kosa hilo wanakukata mshahara. Kamusi ya vifupisho vya mizigo iko droo ya kushoto, nilijitengenezea mwenyewe, itumie. Hiyo droo inakwama, iinue kwanza ndipo uivute.

Akatoka. Wakangoja tena. Mama mkwe alipangusa uso akaendelea kukunja nguo. Karani alipojaribu kuingia kuangalia kama kuna jibu, hakuletewa kisanduku cha zamani. Kilikuja kingine, kifupi: huruhusiwi kuingia kwenye kompyuta hii.

Waya alikuwa amemaliza printa.

Karani akafunga laptopu. Akaitoa modemu kwenye msumari, akakunja waya wake. Meza ikabaki mbao za mlango tu, na juu yake kikombe.

"Kesho tunaamka mapema," alisema.

"Tunakwenda?"

"Tunakwenda. Kesho ipo."

Seremala aliingiza mkono chini ya mto akaitoa kadi. Aliitazama mbele na nyuma, akampa. "Kaa nayo wewe," alisema. "Mimi usiku nitalala."

*

Karani mpya aliusoma ukurasa akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine chini ya meza. Alipofika kwenye salamu alikaa. Hakuwa amewahi kusalimiwa na marehemu. Alihisi baridi, halafu alihisi hasira, halafu akahisi njaa ya watoto wake, na hiyo ya mwisho ndiyo aliyoizoea.

Akafungua droo ya kushoto. Ilikwama. Akaiinua kwanza ndipo akaivuta, na kamusi ilikuwepo, karatasi zimeshonwa kwa uzi wa nguo. Akarekebisha uzito wa lori la tatu. Akarudi kwenye ukurasa, akaweka vidole tayari. Alitaka kumwambia yule mwanamke neno, ila kila neno alilolifikiria liliishia kwenye ile kazi yenyewe aliyokuwa ameikalia.

Mlango wa meneja ukafunguka. Karani mpya akaupunguza ukurasa hadi ukawa kijistari chini ya skrini. Meneja akaja akasimama nyuma yake, harufu ya sabuni ya mikono ikamtangulia. Akaitazama hati, akaitazama alama ya gundi ukingoni mwa skrini, akaikwangua kwa ukucha.

"Vipi, haijifungi tena?"

"Haijifungi, bosi."

"Nilikwambia. Ilikuwa hitilafu ndogo tu." Hakuondoka. "Na hicho kilichofunguka hapo chini ni nini?"

"Si kitu, bosi. Nilikuwa najaribu kuandika."

"Funga, usiijaze mashine."

Akabonyeza kufunga. Kompyuta, yenye adabu kuliko watu wengi wa jengo lile, ikamwuliza kama anataka yaliyoandikwa yahifadhiwe. Swali likakaa katikati ya skrini, meneja akipumua juu ya bega lake. Alibonyeza hapana. Kisha akanyoosha mkono kwenye kidirisha apokee karatasi za dereva aliyefuata.